Baba katuachia matrekta tisa, kaka anataka yaondoke mwisho wa mwezi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma nikairudia, na kabla sijakujibu naieleza kwa kifupi ili na wengine wanaosoma wajue tunaongelea nini. Baba yenu kafariki miezi minane iliyopita, kaacha bandani matrekta tisa ya zamani aliyoyakusanya kwa zaidi ya miaka thelathini. Kuna Ferguson mbili za kijivu, Massey Ferguson 135 mbili, Fordson Major moja ya bluu, John Deere B moja, Ford 8N moja, na mengine mawili ambayo hata nyie hamyajui maana vibati vyake vya jina vimeshang'oka. Kaka yako mkubwa kapata dalali anayetaka kubeba yote kwa mkupuo, pesa taslimu, mwisho wa mwezi. Mdogo wako wa kike akisikia tu neno kuuza anatoka nje analia. Mama anasema "fanyeni mtakavyo". Na wewe wa katikati unaniuliza, Shangazi, tumpe dalali, tupeleke mnadani, au tuuze moja moja?

Naanza na mama, maana hapo ndipo moyo wangu ulipogota. Hilo "fanyeni mtakavyo" msilichukue kama ruhusa hata kidogo. Mwanamke aliyeishi miaka yote hiyo akisikia injini zinanguruma nyuma ya nyumba, leo akisema fanyeni mtakavyo mara nyingi anamaanisha sitaki kuwa mimi niliyewagombanisha. Na wewe usiende kumuuliza mama tuuze au tusiuze, hilo ni swali zito mno kwa mtu aliyefiwa juzi tu. Nenda naye bandani nyie wawili, bila kaka, bila simu, muulize hivi: lipi hungependa kuliona likipakiwa kwenye lori? Atakuonyesha, na usishangae akionyesha lile bovu kuliko yote, lisilo na tairi, kwa sababu ndilo baba alilokuwa analitengeneza mwaka fulani mambo yalipokuwa magumu. Hilo linabaki. Halijadiliwi tena, na kaka asianze kupiga hesabu limepunguza kiasi gani.

Halafu kabla hamjatangaza chochote, hakikisheni mirathi imekaa sawa na mnajua kisheria nani ana haki ya kusaini mauzo, na wote wanne mweke makubaliano kwenye karatasi. Nimeshapokea barua nyingi za ndugu waliouza kwanza wakaulizana baadaye, hakuna iliyoisha vizuri.

Sasa huyo dalali. Simlaumu, ndiyo kazi yake, ila mjue anavyopiga hesabu. Anaangalia mawili matatu anayojua yataondoka haraka, anayakadiria kwa bei ya chini, anatoa gharama ya kubeba na faida yake, halafu yaliyobaki anayahesabu kama vyuma chakavu. Yaani yale mnayoyaona ni ya ziada mnampa bure. Kama mngekuwa na deni linalowabana, au banda si lenu na mnatakiwa kulihama, ningesema sawa mpeni mpumzike. Lakini kwenye barua umesema banda ni lenu na deni hamna, sasa haraka hii ni ya nani? Ni ya dalali, na labda ya kaka ambaye amechoka, na kuchoka kwake nako nitakugusia.

Kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba matrekta ya zamani yana wanunuzi wa aina mbili na hawafanani kabisa. Kuna anayetaka la kufanyia kazi na kuna anayetaka la kutunza. Hizo MF 135 zenu, zilizotengenezwa miaka ya 60 mpaka 1975, kama ni zile za injini ya Perkins ya dizeli ya silinda tatu basi mpaka leo watu wanazilimia, spea zinapatikana, mafundi wanazijua, kwa hiyo mnunuzi wake ni mkulima, na mkulima hajali sana historia, anataka kujua haidroliki, ile mikono ya nyuma ya kubebea plau, inanyanyua, klachi haitelezi, na haitoi moshi wa bluu. Hizo mnaweza kuziuza wenyewe moja moja bila mnada.

Ferguson za kijivu nazo ni kisa kingine. Ile inayojulikana kama TE20 ilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, zikatoka zaidi ya laki tano, na ndiyo aina aliyoiendesha Edmund Hillary, yule mpanda milima wa New Zealand, mpaka akafika Ncha ya Kusini tarehe 4 Januari 1958. Historia nzuri sana, lakini laki tano ni nyingi mwanangu, kwa hiyo msitegemee mnunuzi alipe kwa sababu ya uadimu, atalipa kwa hali yake. Angalieni herufi kwenye kibati cha kwenye dashibodi: TEA ni ya petroli, TED ni ya TVO, mafuta ya trekta yaliyo jamaa ya mafuta ya taa, TEF ni ya dizeli, na anayekusanya atawauliza hilo swali kabla hata ya salamu. John Deere B ndilo la watunzaji hasa, ile injini ya silinda mbili zilizolala ina mlio wake ambao mtu anaufuata kutoka mbali, na kampuni ilianza kuachana na mfumo huo mwaka 1960 kwa hiyo wanaoupenda wanaupenda kweli. Fordson Major nayo ina watu wake. Yale mawili yasiyo na vibati msiyaite chakavu mpaka mjue ni nini. Chukueni brashi ya waya msugue taratibu ubavuni mwa injini na giaboksi, kuna namba na herufi zilizochomoza kwenye chuma chenyewe, zipigeni picha, mtu anayeyajua matrekta atawaambia ni nini kwa kuangalia hizo tu. Mara nyingine lile lisilojulikana ndilo lenye thamani.

Na tafadhali, tafadhali, msipake rangi. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu sisi nyumbani tulifanya hivyo. Baba yangu aliacha trekta moja, tukaona aibu kuliuza likiwa limefifia, tukanunua rangi nyekundu tukalipaka wikiendi nzima tukijisifu, akaja mzee mmoja mnunuzi, akalizunguka, akatushika bega akasema wanangu hapa mmefuta kila kitu nilichokuja kukitafuta. Alikuwa anatafuta rangi ya kiwandani, maandishi ya pembeni, hata pale baba alipozoea kuegemeza goti. Na rangi mpya inamfanya mnunuzi awaze mnaficha ufa. Osheni tope na kinyesi cha ndege, basi.

Kinachopandisha bei kuliko rangi ni kuwaka. Trekta linalowaka mbele ya mnunuzi na trekta ambalo "lilikuwa linawaka" ni vitu viwili tofauti, hata kama ni pacha. Ila msiyalazimishe. Lililokaa miaka linaweza kuwa limeshika, pistoni zimegandana na silinda, ukilivuta kwa gari lingine ili liwake unaweza kuvunja vitu vya gharama kuliko trekta lenyewe. Mwiteni fundi, afungue plagi au nozo, amimine mafuta ya kulegeza kutu yakae siku kadhaa, alizungushe kwa mkono kwanza, atoe mafuta ya zamani yaliyomo kwenye tangi ayamwage, abadilishe oili. Likikataa liacheni, semeni wazi kwenye tangazo kwamba limeshika, wapo wanaonunua hivyohivyo na wanaheshimu ukweli.

Hapa nasimama kidogo maana naogopa. Kaka yako umesema huwa anawasha kwa kugusanisha bisibisi kwenye starta akiwa amesimama chini. Mwambie aache leo. Hayo matrekta mengi hayana kinga yoyote, likiwa kwenye gia linawaka na kuondoka hapohapo, na yeye kasimama mbele ya tairi kubwa la nyuma. Watu wamekufa hivyo. Na siku ya kupakia, anayevuta trekta kwa trekta afunge mnyororo chini kwenye ndoano ya kukokotea, asifunge juu kwenye ekseli wala kwenye kiti, likinyanyuka mbele linapinduka kwa nyuma na halikupi muda wa kuruka. Bora mkose mnunuzi.

Kuhusu mnada, mimi nauunga mkono, lakini si mnada wowote. Tafuteni mpiga mnada aliyezoea mashine za shamba, maana aliyezoea makochi na makabati hana watu mnaowahitaji. Muulizeni mambo haya kabla ya kusaini: komisheni yake ni asilimia ngapi, nani analipia matangazo, kama mnunuzi naye anakatwa kitu juu, kama mnaruhusiwa kuweka bei ya chini ambayo chini yake haliuzwi, na lisipouzwa mnadaiwa nini. Halafu kuna mtego ambao familia nyingi zinaingia: wanauza kwanza lile zuri kuliko yote pembeni kwa rafiki wa baba, halafu wanaita mnada kwa yaliyobaki, na watu hawaji. Lile zuri ndilo linaloleta watu mwanangu. Mtu anasafiri kuja kuiona John Deere, anaikosa kwa dau, hataki kurudi mikono mitupu, anaondoka na Ferguson mbovu na plau mbili. Kwa hiyo John Deere, Fordson, Ford 8N, Ferguson na yale yasiyojulikana yakae pamoja mpaka siku hiyo, kasoro la mama. MF 135 ndizo mnaweza kuziuza mapema, maana mkulima haji kwa ajili ya John Deere.

Na vitu vya pembeni! Plau, haro, puli za mkanda, vitabu vya maelekezo vyenye alama za vidole vya oili, makopo ya boliti, kabureta za ziada, zile taa za mbele zilizotundikwa ukutani. Usimruhusu mtu "asafishe banda" kabla ya mnada. Kuna mtu katafuta kifuniko kimoja cha radieta miaka mitano na kipo kwenye ndoo yenu. Msivirundike kwenye boksi moja, vipangeni mezani vikionekana.

Mkiuza wenyewe, trekta halitoki getini mpaka pesa imeingia na benki yenyewe imethibitisha, si meseji, si picha ya risiti. Anayesema atawatumia zaidi ya bei ili mumlipe msafirishaji wake, huyo ni tapeli, mkatieni simu. Tena mpe kila mnunuzi karatasi yenye namba ya trekta na maneno kwamba limeuzwa kama lilivyo.

Sasa kaka yako. Umeandika kwa hasira kwamba anaona pesa tu, lakini katikati ya barua hiyohiyo umesema ndiye anayekaa pale, ndiye aliyeziba paa la banda wakati wa mvua, na ndiye aliyekuwa anamsaidia baba kunyanyua injini mpaka mgongo ukamuuma. Huenda haoni pesa, huenda anaona kila asubuhi matrekta tisa yanayomsubiri yeye peke yake. Muulize ametumia kiasi gani kulitunza banda tangu msiba, na hicho kitolewe kwanza kwenye mauzo kabla ya kugawana, kwa maandishi. Nadhani utaona sauti yake inashuka. Dalali mwambieni asante, akitaka aje mnadani ashindane na wenzake.

Na mdogo wako msimwache alie nje. Mpe kazi inayomfaa: kabla chochote hakijaondoka, akae na mama, apite naye trekta kwa trekta, amrekodi mama akisema baba alilinunua wapi, aliliburutaje mpaka nyumbani, nani alipanda mara ya kwanza. Likiwaka arekodi na mlio. Nakala ya yale maelezo iandikwe ikae kwenye bahasha ya kila trekta apewe mnunuzi, watunzaji wanathamini sana karatasi ya namna hiyo, na nakala nyingine ibaki kwenu.

Ukishatoka bandani na mama niandikie, nataka kujua kachagua lipi.

Shangazi