Usisaini Fomu ya Moyo Ukiwa Juu ya Machela

Msomaji mmoja wa Kayole ameniandikia Jumatatu usiku: "Baba anawekwa stenti Alhamisi. Tumeambiwa tutasaini asubuhi hiyo hiyo. Tuulize nini?" Stenti ni kijibomba cha wavu kinachowekwa ndani ya mshipa wa moyo uliobana ili damu ipite.

Alhamisi asubuhi mzee atakuwa hajala kwa saa sita hivi, gauni la hospitali mwilini, kanula mkononi. Sista atamsogezea ubao: "Mzee, saini hapa, na hapa." Kurasa za Kiingereza, maandishi madogo, miwani imebaki na mama nje. Atasaini kwa sababu machela inangoja kusukumwa. Hiyo ni saini, si ridhaa. Na akishadungwa dawa ya kumtuliza, hata "ndiyo" yake haina uzito tena.

Kwa hivyo nendeni kesho mkaombe fomu, muisome nyumbani. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ya 2017 kinataka mgonjwa aelezwe njia za matibabu zilizopo, faida, hatari na gharama zake, na haki yake ya kukataa, kwa lugha anayoielewa. Mzee wa Kikamba asiyejua Kiingereza hajaelezwa kitu kwa fomu ile.

Swali la kwanza: stenti hii ni ya kumpunguzia maumivu au ya kumwongezea maisha? Hapa ndipo daktari na mgonjwa hukaa chumba kimoja kila mtu na wazo lake. Utafiti wa Massachusetts, Marekani, uliochapishwa 2010, ulihoji wagonjwa ambao kifua huuma wakitembea na kutulia wakipumzika. Asilimia 88 waliamini stenti ingewapunguzia hatari ya mshtuko wa moyo. Madaktari wengi, kwa upande wao, walijua faida yake kwa wagonjwa hao ni kupunguza dalili tu. Jaribio la matibabu liitwalo COURAGE lilikuwa limeshaonyesha hivyo 2007: kuongeza stenti juu ya dawa hakukupunguza vifo wala mishtuko. Kupanda ngazi bila kifua kubana ni faida kubwa, lakini mzee ajue ndiyo anayolipia.

Aliyeshikwa na mshtuko wa moyo sasa hivi ni habari nyingine kabisa. Huyo stenti humwokoa, na misuli ya moyo inakufa kila dakika. Msisimame mlangoni kubishana.

Pili, angalieni kama fomu moja imebeba anjiogramu (picha ya mishipa ya moyo inayopigwa kwa kudunga rangi) na stenti pamoja. Mara nyingi ndivyo ilivyo. Ulizeni: mkikuta mishipa mitatu imeziba, mtaweka stenti papo hapo au mtatoka mzungumze nasi? Kwa mwenye kisukari na mishipa kadhaa iliyoziba, upasuaji wa kupandikiza mishipa mara nyingi humfaa zaidi. Stenti zikishaingia, mazungumzo hayo yamepita.

Hatari zitajwe kwa majina. Kwa anjiogramu pekee, kifo, kiharusi na mshtuko kwa pamoja ni chini ya 1 kwa 100. Stenti huongeza kidogo. Rangi inayodungwa huumiza figo dhaifu, kwa hivyo kipimo cha kreatinini, kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi, kiwe mkononi kabla. Semeni kama anatumia metfomini (ya kisukari) au wafarini (ya kuzuia damu kuganda). Wakipitisha mrija kwenye kifundo cha mkono, damu huvuja kidogo kuliko kinena, ambako hulazwa chali saa 4 hadi 6.

Halafu vidonge. Familia hupigania kibali cha bima ya SHA wiki nzima, ikasahau kuwa baada ya stenti kuna aspirini na klopidogreli, za kuzuia damu kuganda, kila siku: kwa kawaida miezi 6, au 12 kama alipata mshtuko. Pesa zikiisha mwezi wa pili, akiacha, damu huweza kuganda ndani ya stenti, na huo ni mshtuko mpya. Ulizeni bei kwenye duka la dawa kabla ya kusaini. Kama ana henia ya kupasuliwa, semeni sasa, maana vidonge hivi huongeza kuvuja damu na si vya kukatizwa ovyo.

Madaktari watanuna, wengine husoma hapa. Husema ukimtajia mgonjwa kiharusi atakimbilia mitishamba. Wapo wanaokimbia, kweli. Lakini wengi hukimbia kwa sababu hatari wameisikia kwa jirani wa kitanda, si kwa daktari.

Na nyinyi watoto, acheni kumfichia mzee "asishtuke". Akiwa na akili zake timamu, anayeridhia ni yeye, hata kama M-Pesa ni yako. Jumatano usiku mwambieni awaeleze kwa maneno yake atafanyiwa nini na kwa nini. Akisema "wanazibua paipu nisife", bado hajaelezwa. Daktari aje kitandani aanze upya, na miwani iwepo.