Muulize Fundi: Fremu ya kuokota, theluji ya Minneapolis

SWALI: Shikamoo fundi. Nimeokota fremu ya chuma ya baiskeli ya milimani, inchi 26, ina kutu. Nataka kwendea kazini hapa Minneapolis, Marekani, kipindi cha baridi. Inawezekana?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Inawezekana, tena umeokota mali. Anza kwa brashi ya waya. Sugua, kisha mulika tochi kwenye viungo, hasa chini ya usukani na pale ekseli ya pedeli inapopita. Ukiona ufa, itupe, usikubali kuchomelewa.

Adui wako si baridi, ni chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha theluji. Inakula chuma kutoka ndani, mahali usipopaona. Ipindue fremu, mimina mafuta ndani ya kila bomba, igeuzegeuze yaenee. Bomba la kiti lipake grisi kabla ya kulichomeka kwenye fremu, la sivyo litaganda humo.

Gia nyingi achana nazo, tope la theluji litazigandisha. Funga gia moja. Kama nafasi za fremu zinazoshika ekseli ya nyuma zimelala, utakaza cheni kwa kuvuta gurudumu nyuma. Kama zimesimama, nunua kikaza cheni. Frihwili, ile inayoacha gurudumu lizunguke pedeli zikitulia, itie mafuta mepesi: grisi nzito ikiganda, utapiga pedeli hewani.

Hela weka kwenye tairi za misumari, zenye vijino vya chuma vya kung'ata barafu. Ukimudu moja tu, ifunge mbele, maana gurudumu la mbele likiteleza huna pa kujishikia. Hakikisha misumari haigusi fremu, na upepo usijaze sana.

Madigadi marefu nayo usiyasahau.