Nenda Mineral Point

Dada, kama una siku moja tu ukitokea Madison, jimbo la Wisconsin, Marekani, nenda mji wa Mineral Point, kilomita 80 hivi kusini-magharibi. Anzia Pendarvis, nyumba za mawe za wachimba madini ya risasi waliotoka Cornwall, Uingereza, miaka ya 1830. Simama dirishani uone unene wa ukuta! Zilikuwa zinabomoka mpaka Robert Neal na Edgar Hellum walipoanza kuzikarabati mwaka 1935. Majira ya baridi hufungwa, kwa hiyo nenda kiangazi. Mtaa wenyewe unaitwa Shake Rag, yaani "tikisa kitambaa". Inasemekana wake walipunga vitambaa kuwaita waume mgodini waje kula. Siku hizi pana madarasa ya ufundi na sanaa. Mchana agiza pasty: kama sambusa kubwa ya kuoka, ndani nyama ya ng'ombe, viazi na vitunguu. Ile ya moto, tafadhali.