Maswali na Majibu: Watoto na Mbuga za Aktiki

Nafundisha shule ya msingi Tanga. Mazoezi ya watoto yanayotolewa na hifadhi za Alaska yananivutia, lakini wanafunzi wangu hawajawahi kuona theluji. Yatawafaa?

Yatawafaa, Mwalimu, ukichagua yale yanayomtaka mtoto ajaribu na kupima, si yale ya kupaka rangi tu. Anza na zoezi la mafuta: chukua mifuko miwili ya nailoni, uingize mmoja ndani ya mwingine, paka mafuta ya kupikia ya mgando katikati yake, kisha mtoto aingize mkono mmoja humo na mwingine katika mifuko mitupu, na yote miwili aitumbukize ndani ya ndoo ya maji yenye barafu, ambayo kwenu mnaweza kuipata kwa wauza samaki. Mkono usio na mafuta utatolewa upesi, na asilazimishwe kuvumilia. Hapo ndipo umweleze kwamba tabaka la mafuta la nyangumi wa Aktiki, yaani eneo la baridi kali la kaskazini mwa dunia, aitwaye bowhead linaweza kukaribia unene wa nusu mita, naye atakuelewa bila kuchorewa chochote.

Kwa nini vitabu vya watoto vya hifadhi hizo vinazungumzia uwindaji? Huku kwetu hifadhi ya taifa na uwindaji haviendi pamoja.

Ni kweli, mzoefu wa Serengeti, ambako Wamasai walihamishwa mwaka 1959, atashangaa. Sheria iliyoanzisha hifadhi nyingi za kaskazini mwa Alaska mwaka 1980 iliruhusu wenyeji wa vijijini kuendelea kuwinda, kuvua na kuchuma matunda ya porini kwa ajili ya chakula chao. Katika Hifadhi ya Taifa ya Kobuk Valley kuna mahali paitwapo Onion Portage, ambapo karibuu, mnyama wa jamii ya kulungu, huvuka mto wakati wa majira ya kupukutika majani, na ambapo watu wamewawinda kwa takriban miaka 9,000. Wazee wa Inupiat, wenyeji wa asili wa kaskazini mwa Alaska, huwafundisha vijana wawaache wanyama wanaotangulia wavuke salama, ili kundi lililo nyuma liendelee kufuata njia ileile. Kwa maoni yangu, somo linaloeleza karibuu na kumwacha Mwinupiat pembeni ni nusu ya somo.

Mwanangu ameletewa picha ya dubu mweupe akicheza na pengwini. Ni sahihi?

Si sahihi, ingawa picha za aina hiyo zimejaa madukani. Aktiki haina pengwini wa porini hata mmoja. Mpe badala yake ndege mdogo aitwaye kitaalamu *Oenanthe oenanthe*, mwenye uzito wa gramu 25 hivi na kiuno cheupe kinachoonekana anaporuka: wale wanaoangua Alaska husafiri karibu kilomita 14,500 kuja Afrika Mashariki, na baadaye hurudi. Huyu anaweza kumtafuta mwenyewe kwenye mbuga za wazi.

Nahitaji zoezi la utamaduni lisilo la nyimbo na mavazi.

Fundisha tarakimu za Kaktovik. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanafunzi wa kijiji hicho, kilichopo kaskazini kabisa mwa Alaska, waliona kwamba tarakimu za kawaida haziendani na hesabu ya Kiinupiat, ambayo huhesabu kwa ishirini, yaani vidole vya mikono na vya miguu, nao wakabuni zao. Mistari ya chini huonyesha moja moja na ya juu huonyesha tano tano, kwa hiyo 17 ni mistari mitatu juu na miwili chini. Wagawie watoto vijiti wazipange kabla ya kuziandika. Kujumlisha kunakuwa karibu kama kusogeza vijiti. Tangu mwaka 2022 tarakimu hizo zimo katika Unicode, mfumo wa herufi za kompyuta, na wanafunzi wako watapenda kusikia kwamba walioanzisha kazi hiyo walikuwa watoto wa shule.

Tunaishi Marekani. Tunaweza kuwapeleka watoto kwa gari?

Ndani ya hifadhi za Alaska za Gates of the Arctic na Kobuk Valley hakuna barabara. Watu huingia kwa ndege ndogo au kwa miguu. Kwa gari mnaweza kufika kituo cha wageni cha Coldfoot, zaidi ya kilomita 400 kutoka mji wa Fairbanks, ambacho hufunguliwa majira ya joto tu. Barabara yenyewe sehemu kubwa ni ya changarawe na ina malori mengi, basi bebeni tairi za akiba na mafuta ya kutosha.