Kuhusu saluni, jiko la bweni na miezi ya kiangazi

Mwanangu,

Marahaba. Salamu zako zimefika kwa wote hapa Morogoro, na ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza pamoja na baba yako. Umeuliza mambo mawili. La kwanza: kati ya kazi ya jiko la bweni hapo chuoni na ile ya kusuka kwenye saluni ya yule mama wa Kenya mjini, uchukue ipi, maana saluni inalipa taslimu na kichwa kimoja cha rasta kinazidi zamu nzima ya jikoni. La pili: masomo yakifungwa Mei, urudi nyumbani au ubaki huko Madison, Marekani, ufanye kazi? Nimeona nikuandikie, kwa sababu mambo haya yana masharti mengi na nataka uwe nayo mkononi uyasome tena.

Saluni hapana. Najua mikono yako, najua shangazi yako alivyokufundisha, na najua wateja wangekufuata. Lakini viza yako ya mwanafunzi, F-1, inakuruhusu kufanya kazi ndani ya chuo tu bila kuomba kibali cha uhamiaji: isizidi saa 20 kwa wiki masomo yanapoendelea, na wakati wa likizo unaweza kufanya kazi siku nzima. Saa hizo 20 ni za kazi zako zote za chuoni kwa pamoja, si kwa kila kazi. Nje ya chuo lazima kibali kitangulie, hata kama kazi ni ya Jumamosi moja, hata kama malipo ni taslimu. Na usidhani kuwasuka watu chumbani kwako kunabadilisha jambo. Rafiki yako msuke bure, huo ni urafiki. Ukipokea dola, umefanya kazi. Hao wenzako wanaosambaza chakula kwa kutumia akaunti ya mtu mwingine nao wako kwenye hatari hiyo hiyo, na ukiweza waambie.

Nikueleze kwa nini nina ukali na hili. Mwanafunzi anaweza kupoteza hadhi yake ya viza kwa sababu nyingi, pengine amepunguza masomo bila ruhusa, na akajieleza, akaomba arudishiwe, akarudishiwa. Ila mojawapo ya masharti ya kurudishiwa ni kwamba asiwe amefanya kazi bila kibali. Aliyefanya hana pa kujitetea. Na siku utakapoomba viza nyingine ubalozini Dar es Salaam, fomu itakuuliza kama umewahi kukiuka masharti ya viza ya Marekani. Sitaki ufike mahali pa kuchagua kati ya kusema uongo na kukosa safari, kwa ajili ya vichwa vichache vya rasta.

Yule mama simdhanii vibaya. Amemwona binti wa Afrika Mashariki, akataka kumsaidia. Usimkatalie kwa ujumbe wa simu. Nenda ukamsalimie, mweleze masharti ya viza yako, mshukuru. Utamhitaji huko kwa mengine mengi, na nywele zako mwenyewe lazima zisukwe.

Sasa jiko. Nilipokuwa hapo hapo Madison kwa shahada ya pili, nilianzia kwenye vyombo. Trei zinakuja kwenye mkanda unaotembea, bila kusimama, kila moja na mabaki yake: mfupa, tishu iliyolowa, kikombe cha maziwa kilichoachwa nusu. Mmoja anachomoa vijiko na uma, mwingine anamwaga mabaki, mwingine anapanga sahani kwenye kreti kabla hazijaingia kwenye mashine. Mvuke unakupiga usoni, na ukitoka nje usiku wa Januari nywele zilizolowa kwenye kofia ya wavu zinakakamaa. Ni kazi halali na haina aibu yoyote. Tena hapo ndipo nilipojifunza Kiingereza cha watu kwa watu, kile ambacho darasani hakipo.

Kwa hiyo ichukue, lakini omba mapema uhamishiwe upande wa kupikia au wa kupakulia. Wewe unasoma sayansi ya chakula. Pale kuna mtu anayepita na kipimajoto, anaandika kwenye karatasi kwamba chakula cha moto hakijashuka chini ya nyuzi 57 za Selsiasi na cha baridi hakijazidi 5. Kwako ile karatasi ni somo la HACCP, yaani utaratibu wa kudhibiti hatari kwenye chakula, likitekelezwa mbele ya macho yako, kwa mamia ya walaji, kila siku. Ukiwa wewe ndiye unayeijaza, una kitu cha kueleza kwenye usaili ambacho wanafunzi wenzako wamekisoma kitabuni tu.

Na ukiwa jikoni, bisha hodi pia Babcock, kiwanda cha maziwa cha chuo. Umenitumia picha za aiskrimu ya pale, lakini hujaniambia kama umewahi kuulizia kazi! Kiko ndani ya jengo la idara yako mwenyewe, kinatengeneza jibini na aiskrimu kweli kweli, na ni mali ya chuo. Kazi ya pale ni ya ndani ya chuo kwa mujibu wa viza yako, na ni fani yako. Hata wakikupa kusafisha mabomba na matangi, kubali. Mwanafunzi anayejua namna tangi linavyosafishwa hadi likawa salama anajua nusu ya kiwanda cha maziwa. Hiyo ndiyo kazi ninayoitaka kwako, mwanangu, hata kama italipa senti kadhaa pungufu, kwa sababu pale atakuwepo mtaalamu anayekuona ukifanya kazi, na ndiye atakayekuandikia barua ya kukutambulisha baadaye. Pesa ya saluni ingeisha Jumatatu, na hakuna ambaye angeweza kukuandikia chochote.

Kuhusu malipo, kima cha chini cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa tangu Julai 2009, na Wisconsin nayo imebaki hapo hapo. Vyuo vingi hulipa zaidi ya hapo, basi uliza kabla ya kusaini. Matangazo yaliyoandikwa work-study yapite tu. Hizo ni fedha za serikali kwa raia na wakazi wa kudumu, wewe humo huhesabiki, na si kwamba umekataliwa kwa ubaya.

Ukishapata barua ya mwajiri, ofisi ya wanafunzi wa kimataifa itakupa barua nyingine, na kwa barua hizo mbili pamoja na pasipoti na I-20, ile hati ya chuo ya viza yako, utaomba namba ya Social Security, yaani ya hifadhi ya jamii. Haina malipo. Mtu akikuambia ulipie, mkimbie. Mshahara wa kwanza ukija, kaa na karatasi ya malipo uisome mstari kwa mstari. Mwanafunzi wa F-1 katika miaka yake mitano ya kwanza ya kalenda hakatwi makato ya Social Security na ya Medicare, bima ya afya ya wazee, ambayo kwa pamoja ni asilimia 7.65. Kodi ya mapato utakatwa, hiyo ni halali. Lakini ukiona hayo mawili yamekatwa, nenda ofisi ya mishahara kwa adabu uwaambie warekebishe, wala usione haya, makosa hayo hutokea. Halafu mwakani, kabla ya tarehe 15 Aprili, utajaza fomu za kodi 8843 na 1040-NR. Usitumie programu ya kodi wanayotumia wenzako Wamarekani, inakujazia fomu ya wakazi ambayo si yako.

Saa ngapi? Sheria inasema 20, mimi nasema muhula huu zisizidi 10. Una kemia ya viumbe hai na una maabara. Kiangazi ndipo ufanye kazi siku nzima.

Ndiyo, baki. Nimelisema hili na moyo wangu hautaki, maana chumba chako nilishakitandika. Lakini nauli ya kwenda na kurudi itameza karibu kila utakachokuwa umeweka, na miezi ile mitatu chuoni ina kazi nyingi: mabweni hupokea wageni wa mikutano na huhitaji wanafunzi wa mapokezi, kule Terrace, baraza la chuo kando ya ziwa, watu hujaa kila jioni, na kiwanda cha maziwa hakifungi kwa kuwa ng'ombe hawana likizo. Si lazima usome masomo ya kiangazi ili ufanye kazi hizo, mradi umepanga kuendelea na masomo Septemba. Mkataba wa bweni ukiisha Mei, tafuta chumba cha mwanafunzi aliyeondoka. Mikataba mingi ya nyumba hapo Madison huisha katikati ya Agosti, kwa hiyo wengi hutafuta mtu wa kuwalipia hata sehemu ya kodi ya miezi hiyo, na bei hushuka. Dai mkataba wa maandishi, usilipe kwa maneno.

Ukimaliza mwaka huu wa masomo utakuwa na haki ya kuomba CPT, yaani kibali cha kufanya mafunzo kwa vitendo nje ya chuo katika fani yako. Kiangazi cha mwakani nataka uwe kwenye kiwanda cha jibini cha nje, na jimbo zima hilo linaishi kwa jibini. Ila chunga: ukifikisha miezi 12 ya CPT ya siku nzima, unapoteza OPT, ule mwaka wa kufanya kazi baada ya kuhitimu.

Umeniambia unataka kutuma chochote kwa ajili ya ada ya mdogo wako. Nimeguswa, baba yako pia, alinyamaza muda mrefu. Usitume. Ada ya mdogo wako ni kazi yetu sisi, na mpunga wa mwaka huu umekubali. Utakachopata kianzie kwenye koti la maana la baridi na akiba ya kodi ya nyumba ya kiangazi. Tukikwama tutakuambia, hatutakuficha.

Jumatatu nenda ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya kusaini chochote, uwaonyeshe barua ya jikoni, na uwaulize wao wenyewe tarehe rasmi ambayo likizo ya kiangazi inaanza, kwa sababu kuvuka saa 20 hata wiki moja kabla ya tarehe hiyo ni kosa. Kisha upite Babcock. Nipigie Jumanne usiku wa kwenu uniambie walivyokujibu.

Mama yako