Re: Dawa ya kansa ya mbwa, asubuhi au usiku?

Pole sana mkuu. Umeuliza kama dawa za limfoma (kansa ya seli za kinga ya mwili) mbwa wako apewe asubuhi au usiku ili ziendane na saa ya mwili, yaani ule mzunguko wa ndani wa usiku na mchana. Hiyo saa ipo kweli, Wamarekani watatu walipewa Nobel 2017 kwa kueleza inavyofanya kazi, ila wao walichunguza nzi sio mbwa, kwahiyo usihamishe mambo kichwakichwa. Mimi nakushauri siklofosfamaidi, moja ya dawa za kansa, mpe asubuhi, maana mabaki yake yanachoma kibofu, akilala nayo usiku kucha bila kukojoa ndo unakuta mkojo una damu, wangu ilimtokea, matone mekundu kwenye vigae vya barazani, niliumia mno. Maji yawepo muda wote na umtoe nje mara kwa mara. Predinisoloni, ile dawa ya steroidi, nayo asubuhi akishakula, inamfanya anywe maji balaa, ukimpa jioni hamlali. Ila kabla hujabadili saa yoyote ongea na daktari wake kwanza. Na akichomwa doksorubisini, dawa nyingine ya kansa, seli nyeupe za damu, ndo askari wa mwili, zinashuka sana kama siku ya 7 mpaka 10, akipata homa hapo usisubiri kukuche, mpeleke usiku huohuo.