Niliwakusanya wavutaji ili waache, sasa wanavuta zaidi

SWALI: Mimi ni mwalimu wa malezi katika sekondari ya kutwa hapa Moshi. Tangu Januari nawakutanisha kila Ijumaa vijana 14 wa kidato cha pili na cha tatu waliokamatwa na sigara. Nawaonesha picha za mapafu, nawafundisha kukataa. Uvutaji umeongezeka, na sasa hawaachani hata mapumziko. Nakosea wapi?

JIBU: Pole na kazi, mwalimu. Jibu umelitaja mwenyewe: hawaachani. Kabla ya Januari mmoja alikuwa anavutia Pasua, mwingine kijiwe cha bodaboda Kiborloni, hawajuani. Wewe umewapa chumba na siku.

Mwaka 1999 watafiti Dishion, McCord na Poulin walionesha kwamba vijana wakorofi wakiwekwa kundi moja ili warekebishwe, wanaweza kuzidi, sigara ikiwemo. Kijana anasimulia alivyomchenga mwalimu wa zamu, wenzake wanaangua kicheko. Kicheko hicho ndicho malipo yake, na picha ya mapafu haifui dafu mbele yake. Hata masomo ya kukataa tu hayatoshi: katika jimbo la Washington, Marekani, waliyafundisha kuanzia darasa la tatu hadi la kumi, wakafuatilia wanafunzi zaidi ya 8,000, na matokeo ya mwaka 2000 hayakuonesha tofauti ya maana.

Kilicholeta nafuu ni utafiti wa Uingereza na Wales uliochapishwa 2008, shule 59, watoto wa miaka 12 na 13. Hakukuwa na klabu. Wanafunzi waliandika kwa siri majina ya wenzao wanaowaheshimu. Waliotajwa sana wakafunzwa siku mbili nje ya shule, kisha kwa wiki 10 wakawa wanapiga soga na wenzao kama kawaida, sigara ikiingizwa humo humo. Baada ya mwaka mmoja shule hizo zilikuwa na wavutaji wachache kuliko zilizolinganishwa nazo. Mwaka wa pili tofauti ilipungua, kwa hiyo usitegemee kufanya mara moja ukamaliza.

Hapa ndipo walimu wetu wanapoharibu: majina yakishahesabiwa, wanakata ya watundu na kuweka viranja. Kiranja anaandika wachelewaji, nani atamsikiliza kuhusu sigara? Mwache yule wa shati nje, kama wenzake wamemtaja. Na anza na kidato cha kwanza, kabla hawajazoea.

Jambo dogo lakini zito: usitangaze mstarini kwamba "wengi mnavuta". Vijana tayari hudhani wavutaji ni wengi kuliko walivyo, nawe unawathibitishia.

Wale 14 uwaone mmoja mmoja, na Ijumaa hii kikao kisiwepo. Kama wananunua sigara moja moja duka la jirani na geti, sheria ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Hilo lipeleke kwa mtendaji wa kata, usiwatume wanafunzi.